Kwa Cubaka Inakimbia, Kwangu Inalala

Rumonge, Jumatatu, mwezi wa saba 2002

Shangazi Mariyamu wa redio, amahoro kwako na kwa wote walioko studio. Mpendwa mshauri wangu, naomba msaada, tena naomba wa haraka, kwa sababu Ijumaa niko na randevu na shefu wa zone, mukubwa wa serikali hapa kwetu, na barua ninayotakiwa kumpelekea haijaisha, wala haitaisha kama ordinateri yangu, hii kompyuta, itaendelea na tabia hii. Jina langu usilitaje, nakuomba kwa Mungu, kwa kuwa mwenye ordinateri mtaani kwetu ni mimi peke yangu. Wewe sema tu "mwanamke wa Rumonge mwenye ordinateri", na hakuna atakayejua.

Mimi niko na miaka thelathini na moja, nimeachika, siko na mutoto, na ninakula kwa vidole vyangu kumi. Niko na sekretaria pembeni ya soko, chumba kimoja, meza, kiti cha muteja, na ordinateri ya kukunja niliyoachiwa na wazungu wa mradi siku walipoondoka mbio bila hata kumaliza chai. Naandika barua za komini, matangazo ya matanga, maombi ya kazi ya watu wanaojua kabisa kwamba kazi haiko, na kadi za arusi, maana watu wanaoana tu, Shangazi, risasi zinalia upande wa Kizuka na hapa bwana arusi anataka maua pembe zote nne za kadi.

Sasa ni hayo maua yaliyoniponza. Mwezi wa tano mashine ilianza kuchoka, ukifungua kadi yenye maua inasimama kabisa, na muteja anakukodolea macho. Kuna fundi mumoja hapa port, anaitwa Cubaka, Mukongomani wa Uvira, anatengeneza mota za mitumbwi, redio, saa, kila kitu chenye nati. Akaitazama akasema, "Dada, mashine iko nzima, ila mémoire yake iko kidogo. Iko na sitini na ine. Tuiongezee mia moja ishirini na nane, utaona." Akavuka ziwa, akarudi na bareti yenyewe, kakipande kembamba, urefu kama nusu ya kitana, na kalifika ndani ya gunia la ndagala, dagaa wetu hawa, Shangazi, kananuka ndagala! Nikamuuliza, "Cubaka, hii ni akili ya ordinateri ama ni mboga?" Akacheka, akaifungua mashine tumboni, akakachomeka, akaiwasha, akanionyesha namba kwenye ekrani: 192. Hesabu najua, imetimia. Na mashine ikakimbia! Maua yalikuwa yanafunguka kabla sijatoa kidole. Nilitoka pale naimba njia nzima.

Kesho yake nikakaa kazini kwangu, nikaandika kadi mbili, nusu saa haijaisha ikalala. Si kuzimika, hapana, kulala. Unapiga herufi, unanyanyuka, unamimina chai, unarudi, ndiyo herufi inajitokeza moja moja kama wazee wanaotoka musikitini. Nikairudisha kwa Cubaka. Akaiwasha, ikakimbia! Nikaenda nayo nyumbani, ikalala. Nimeirudisha mara ine, na mara zote ine ni vile vile, kwa Cubaka inakimbia, kwangu inalala, mpaka nikawa naona aibu kusema ni mugonjwa, kama mutu anayempeleka mutoto dispansari na akifika pale anaanza kucheza.

Hapo kwenye mutoto nikueleze kabisa, usije ukasikia kwa mwingine. Tangu iongezewe mémoire ile mashine nimeipenda kupita zamani, na hapa kwetu siku hizi unaweza kukimbia saa yoyote, kila nyumba iko na mufuko wa kukimbia karibu na mulango. Nikasema, mimi mufuko sitaki, mufuko wanaunyang'anya. Basi usiku ule ule wa bareti nikachukua blanketi la mutoto, lile zito la manyoya, nikalikunja mara mbili nikaishonea ordinateri nguo, imeshika chini na pembeni zote, zimebaki nje herufi na ekrani tu. Chini yake kitenge kiko tayari. Ninafanya kazi hivyo hivyo, ikiwa imevaa, ili risasi ikilia nifunike, nibebe mugongoni, nifunge, nikimbie. Nimejipima, sekunde ishirini. Mara mbili nimeshakimbia nayo hadi njia ya Minago, na hakuna aliyenigusa, maana nani atamunyang'anya mama mutoto?

Lakini watu nao! Wakaanza kusalimia, "Mutoto hajambo?" Nami najibu, "Hajambo." Nitasemaje? Na nisikufiche, Shangazi, kulijibu lile neno kulikuwa kutamu, siku ya kwanza nilifika nyumbani nikalia. Jirani mumoja akaniletea sabuni na unga wa uji. Siku nyingine kwenye bariyeri ya jeshi betri ikaanza kwisha, mashine ikalia tii, tii, tii mugongoni kwangu, na musoda akasema, "Mama, mutoto wako analia kama saa." Nikajua nimekwisha. Akafunua kitenge, akatazama, akaniangalia mimi, akatazama tena, akaniambia, "Sawa. Kesho utaniandikia barua ya muchumba wangu." Nikamwandikia kurasa mbili, na sasa pale bariyeri wananiita mama wa mapacha, sijui pacha wa pili wamemtoa wapi.

Halafu sokoni wakaanza kuuliza baba ni nani. Wakaona ninakwenda kwa Cubaka na mutoto, ninarudi na mutoto. Wakamuuliza. Na huyu mujinga, badala ya kukana, akajibu, "Mutoto ni wake, mimi nimemuongezea akili tu." Basi! Rumonge nzima imeamini. Na aibu hiyo niliiogopa tangu mwanzo, ndiyo maana kibandani kwake sijawahi kuingia na ile nguo. Ninasimama nyuma ya ukuta wa magunia ya ndagala, ninaivua kila kitu, naingia nayo uchi, na nikitoka naivika.

Shoga yangu Nafisa ndiye alinifungua macho. Akaniambia, "Wewe huoni? Ameifunga. Inamutii yeye peke yake, mpaka uende kukaa kwake." Tukaichomea ubani siku tatu, tumeinamisha mashine juu ya chetezo. Ikazidi kulala. Nikaenda port nikamwita Cubaka mwizi na muchawi mbele ya watu wote wa ndagala. Unajua alisema nini? "Dada, lete nitazame tena." Hivyo tu! Hasira ilinipanda mara mbili.

Nafisa akasema nimwandikie shefu wa zone. Nami nimeanza, Shangazi. Nimeandika kwamba ni mwizi, kwamba hana karatasi za kukaa hapa, na nimeweka kidogo tu kwamba anavuka ziwa usiku. Kwa kalamu siwezi, mimi mwenye sekretaria nipeleke barua ya mukono, si nitachekwa? Lakini mashine imefika mustari wa kumi na mbili, kwenye jina lake. Nimepiga C, U, B, na tangu asubuhi A haijatoka. Na nikueleze ukweli wote, kila ikisimama pale moyo wangu unapumua kidogo, halafu nakasirika upya.

Wewe unajua watu wa mashine huko Bujumbura. Naomba unieleze nifanye nini iamke, nimalize barua hii kabla ya Ijumaa. Murakoze cane.

Mimi niliyechoka.


Bujumbura, Jumatano

Dada uliyechoka,

Barua yako sikuisoma hewani na sitaisoma. Ningeisoma ningekuwa nimekumalizia ile kazi yako ya Ijumaa, tena kwa sauti inayofika mpaka Uvira. Jina lako umeniomba nilifiche, la mwenzio umelimwaga barua nzima, na ukalivisha maneno kwamba hana karatasi na huvuka usiku. Kwa hiyo nakujibu kwa kalamu, hiyo hiyo unayoidharau, na dereva wa konvua, ule msafara wa magari, atakupa mkononi. Hewani leo nitasema hivi tu: "Dada wa Rumonge, mtoto wako ana joto, mpunguzie nguo." Wengine watadhani ni somo la afya. Wewe kaa chini usome.

Kwanza pole. Kuachika si mchezo, kuishi na mguu mmoja mlangoni si mchezo, na kula kwa vidole kumi wakati huu wa vita ni kazi ya wanaume watatu. Pole kwa moyo wangu wote. Nimemaliza pole.

Niliichukua shida yako, bila majina, nikamsimulia Hyacinthe, fundi wa studio yetu. Nilipofika kwenye blanketi akaweka kikombe mezani. Akaniuliza, "Linafunika na chini?" Nikamwambia limeshonwa, chini na pembeni zote. "Na kwa fundi anaivua?" Anaivua nyuma ya ukuta wa ndagala. Dada, yule kijana alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilikuwa bado sijaelewa, nikamkaripia, basi akavua pulova yake, akaifunga ordinateri ya studio kama ulivyofunga yako, akasema tungoje. Nusu saa ilipotimia mashine ilikuwa hoi, neno moja dakika moja. Taarifa ya habari ya mchana ilichelewa dakika tisa kwa ajili yako, na mkurugenzi mpaka sasa anadhani ni umeme.

Mashine yako haijafungwa na mtu, imefungwa na blanketi. Ile sauti ya kuvuma unayoisikia ni feni, inavuta hewa chini na kuitoa pembeni, kwenye tundu uliloliziba kwa manyoya mara mbili. Joto likikosa pa kutokea linapanda, na mashine, ili isiungue, inajipunguzia mwendo yenyewe. Hailali, inajiokoa. Wewe nikikuvalisha blanketi mwezi wa tisa Rumonge nikakwambia upande mlima mpaka Kizuka, utakimbia? Na ile bareti ni nzima. Umeiona 192 kwa macho yako, ungekuwa umechomekewa kibovu namba isingetimia. Kunuka ndagala siyo ugonjwa, kila kitu kinachovuka ziwa hilo kinanuka ndagala, hata barua yako imenuka.

Kinachoniuma ni hiki. Jibu ulikuwa nalo mkononi, umeliandika mwenyewe kwa maneno mazuri kuliko yangu: kwa Cubaka inakimbia, kwangu inalala. Mtu akiona hivyo anajiuliza, kwangu kuna nini? Wewe ukauliza, kwake kuna nini! Mara nne umeipeleka, mara nne umeivua kabla ya kuingia, mara nne umeivika ulipotoka, na mara zote nne mchawi akawa yeye. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini zako naona umezifunika blanketi pia. Na Nafisa wako mwambie Shangazi anamsalimu, na kwamba ubani ni wa maulidi. Majivu yenu yamo kwenye feni sasa hivi.

Fanya hivi. Fumua ile nguo leo, usingoje kesho. Azima pampu ya baiskeli, najua Rumonge hazikosekani, mashine ikiwa imezimwa pulizia lile tundu la pembeni, polepole, mpaka vumbi na ubani wenu vitoke. Tafuta vizibo vinne vya Fanta, viweke mezani, miguu ya mashine ikae juu yake ili hewa ipite chini. Iache ipoe muda wa kupika ugali, kisha iwashe ufanye kazi saa nzima. Ikiendelea kukimbia, ugonjwa umekwisha. Ikilala tena ikiwa uchi, hapo ndipo useme bareti, na umpelekee fundi aichomoe aisafishe meno yake kwa gomu ya shule, ile ya kufutia, aichomeke upya. Fundi huyo huyo. Hakuna mwingine atakayekusemesha vizuri baada ya kuitwa mwizi mbele ya ndagala.

Kukimbia nayo mgongoni sikukatazi. Ni akili kubwa, na hao wa bariyeri nimewapenda. Siku ya kukimbia ivike, ifunge, nenda. Lakini ikiwa kazini ivuliwe. Na uliposema kwamba neno "hajambo" lilikuwa tamu mpaka ukalia, niliweka miwani mezani. Hilo silichekei, dada. Ila usimpelekee hasira ya utupu huo mtu aliyekuongezea mashine akili.

Sasa tuje kwenye barua yako. "Nimeweka kidogo tu kwamba anavuka ziwa usiku." Kidogo tu! Wewe unakaa Rumonge, si mimi. Unajua mwaka huu mtu aliyeandikwa kwenye karatasi kwamba huvuka usiku anaitwa muasi, na wanaokwenda kumchukua hawaendi kumuuliza habari za mota. Hawamrudishi kumwomba msamaha wakigundua ilikuwa blanketi. Na alivuka kwa nini? Alivuka kukuletea ile bareti! Alikwenda kwa ajili ya maua ya kadi zako, akarudi, na wewe ukaigeuza safari yake kuwa mashtaka. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hapigi teke kwa mashine. Ulimtukana mbele ya watu akasema, "Dada, lete nitazame tena." Mchawi gani anaongea hivyo? Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Na moyo wako ulijua. Mashine ikikwama kwenye jina lake ulipumua, umeandika mwenyewe. Ile mashine yenye joto, inayohema ndani ya blanketi, ilikuwa na huruma kukuzidi. Ilikataa kutoa A.

Basi ikishapoa, fungua ile barua ya mistari kumi na miwili. Ukipiga A itatoka mara moja, na ile A nyingine baada yake. Mashine ikiwa na mbio zake zote, chagua kila kitu, ufute. Utashangaa inavyofanya haraka. Halafu nenda port kwa miguu yako, mchana, watu wa ndagala wakiwa wote, simama pale pale uliposimama siku ile, umwombe radhi kwa sauti ile ile. Mweleze habari ya blanketi. Atacheka, mwache acheke, amekustahimilia mengi.

Kisha rudi ukae na vidole vyako kumi uandike barua nyingine kwa shefu wa zone. Andika kwamba wewe, mkazi wa Rumonge, mwenye sekretaria karibu na soko, unamjua huyu fundi, ni mtu wa kazi, ametengeneza mota za nusu ya wavuvi wa port, na unaomba apewe karatasi za kukaa kwa amani, na wewe ndiye mdhamini wake. Weka jina lake lote, herufi zote, usikwame. Hata maua pembeni ukitaka, weka.

Randevu ya Ijumaa usiivunje. Shefu wa zone anangoja barua kuhusu Cubaka, mpelekee barua kuhusu Cubaka. Na nenda naye.

Shangazi Mariyamu